Mpira Ukibadilishwa, Sifa ni ya Nani?

Katika Kiswahili neno mpira lina kazi tatu. Kwanza ni utomvu ule unaogemwa msituni na kuganda. Wazee wetu wa Maniema waliujua kwa uchungu katika siku za kulazimishwa, zamani za Mfalme Leopold. Pili ni kile kitu cha mviringo kinachopigwa kwa mguu. Tatu ni mchezo wenyewe. Twasema "amenunua mpira", tena twasema "anacheza mpira", wala hakuna anayechanganyikiwa. Wafaransa wana neno moja kwa kile kitu na neno lingine kwa mchezo. Sisi tumevitia vyote katika chungu kimoja. Labda waliotuachia lugha hii waliona jambo ambalo sisi hulisahau upesi: chombo na mchezo havitengani kwa urahisi, na mwenye kugusa kimoja amegusa na cha pili.

Basi leo twataka kuuliza swali moja. Mtu akibadilisha mpira, je, amebadilisha mchezo? Na kama ameubadilisha, ile sifa tunayompa mshindi, na ile aibu tunayomwachia aliyeshindwa, ni za haki?

Pengine mtu atasema: "Huo ni mchezo wa vijana tu. Mnasumbukia nini?" Twamjibu hivi. Tembea Kindu saa za jioni, toka Kasuku na Mikelenge, kisha uvuke Lualaba kwenda Alunguli. Kila penye uwazi utawakuta vijana na mpira wao. Timu ya mji wetu, AS Maniema Union, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika katika msimu wa 2024/25, ikapangwa pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Kijana wa Kindu akiona hayo, mpira kwake si mchezo tu. Ni tumaini la kuonekana, pengine la ada ya shule, pengine la kuwasaidia wazazi. Mahali penye tumaini la mtu, pana hukumu juu yake pia: huyu afaa, yule hafai. Na penye hukumu, haki haina budi kuulizwa.

Kisa cha nusu milimita

Tuanze mbali, kwa sababu mfano wa mbali huonekana wazi zaidi. Hauna ndugu zetu ndani yake wa kututia upendeleo.

Huko Marekani kuna mchezo uitwao besiboli. Wengi wetu hatujauona, ingawa si mgeni kabisa katika nchi za jirani: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Kwa ufupi mchezo ni huu. Mrushaji arusha mpira mdogo mgumu, wenye mzunguko wa sentimita 23 hivi. Mpigaji wa upande wa pili ajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga ukaruka juu ya uzio wa mwisho wa uwanja, azunguka vituo vyote bila kuzuiwa na kurudi alipoanzia, na timu yake yapata alama. Pigo hilo la kuvuka uzio ndilo linalowainua watazamaji vitini. Mpira wenyewe umefunikwa kwa vipande viwili vya ngozi, vilivyoshonwa pamoja kwa uzi mwekundu. Uangalie sana mshono huo, maana ndiyo habari yetu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wana mashindano yao. Zamani walitumia magongo ya madini yenye kurusha mpira kwa nguvu nyingi mno, na mwaka 2011 yaliwekwa masharti mapya ya kuipunguza nguvu hiyo. Matokeo yalionekana mara moja. Mwaka 2010 kila timu ilipata kwa wastani mapigo 0.94 ya kuvuka uzio katika mchezo mmoja, yaani karibu pigo moja. Mwaka 2011 yalishuka kuwa 0.52, na mwaka 2014 yalifika 0.39. Wenye kuangalia mchezo waliona umepoa kama uji wa jana. Wakuu wake hawakutaka kurudisha magongo ya zamani, kwa hiyo wakautazama mpira.

Mpira wa vyuo ulikuwa na mshono ulioinuka kiasi cha inchi 0.048, yaani milimita 1.2 hivi. Wakaamua kutumia mpira wenye mshono uliolala, wa inchi 0.031, yaani milimita 0.8 hivi. Tofauti haifiki hata nusu ya milimita. Kiini cha mpira hakikubadilishwa. Katika Chuo Kikuu cha Washington State mipira ya namna zote mbili ilijaribiwa kwa mashine, kwa mwendo mmoja wa kilomita 153 hivi kwa saa, na kwa pembe moja. Ule wenye mshono ulioinuka ulikwenda futi 367. Ule wenye mshono uliolala ulikwenda futi 387. Ziada ya futi 20 ni kama mita sita. Mpira mpya ulianza kutumika mwaka 2015, na mwaka huo huo ule wastani wa 0.39 ukapanda kuwa 0.56.

Nusu milimita ya uzi yawezaje kufanya kazi kubwa hivyo? Sababu ni hewa. Kila mvuvi wa Lualaba ajua kwamba mtumbwi uliolainishwa vema tumboni hupita majini bila taabu, na ule wenye mabonge hukokota maji nyuma yake. Hewa nayo ni kama maji, ingawa hatuioni. Mshono ulioinuka huikamata hewa na kuupunguzia mpira mwendo; mshono uliolala huiacha ipite. Lakini mshono ule ule ulioinuka ndio unaompa mrushaji mahali pa kushika kwa vidole vyake, ili aupindishe mpira hewani na kumdanganya mpigaji. Kwa hiyo mpigaji alipoongezewa mita sita, mrushaji alipunguziwa kitu katika ufundi wake. Hakuna mabadiliko ya chombo ambayo hayamgusi mtu.

Je, mchezo ni ule ule?

Sasa tumfikirie mwanafunzi mmoja wa namna hiyo. Mwaka 2014 alipiga mpira kwa nguvu zake zote, ukadakwa karibu na uzio, akarudi kuketi kimya. Mwaka 2015 akapiga vile vile, kwa mkono ule ule, na mpira ukavuka. Watu wakasimama na kumshangilia. Je, amekuwa mtu hodari zaidi? Mkono wake haukuongezeka kitu. Jicho lake ni lile lile. Basi zile mita sita ni za nani: ni za kijana, au ni za mshonaji?

Ili tusipotee, yafaa tutofautishe kiini cha kitu na sura zake, kama wenye hekima wa kale walivyofundisha. Kisu kikibadilishwa mpini bado ni kisu, kwa sababu bado chakata. Lakini kikiondolewa makali, hata mpini ubaki ule ule, kimekuwa kipande cha chuma tu. Na mchezo je, makali yake ni nini? Twaona kwamba kiini cha mchezo si kipimo cha mpira, bali ni fadhila zinazojaribiwa kwa mpira huo: wepesi wa jicho, nguvu iliyotawaliwa, uvumilivu, ujasiri, utii kwa sheria, na moyo wa kushirikiana. Maadamu mpira mpya wazijaribu fadhila zizo hizo, mchezo ni ule ule. Kama mpira ungekuwa mwepesi hata mtoto mchanga aurushe juu ya uzio, hapo pasingebaki la kujaribiwa, na mchezo ungekufa ingawa jina lake lingedumu.

Kwa hiyo besiboli ya mwaka 2015 ilikuwa bado besiboli. Lakini kitu kimoja kilivunjika, nacho ni kipimo. Hesabu za mwaka 2014 na hesabu za mwaka 2015 haziwezi kuwekwa katika mizani moja. Anayesema "wapigaji wa mwaka huu ni hodari kuliko wa mwaka jana, tazama hesabu" amesema asilolijua. Sifa ya mchezaji huyo yapasa ipimwe kwa wenzake waliotumia mpira ule ule, uwanja ule ule, mwaka ule ule. Kati ya hao, aliyepiga mbali zaidi amestahili sifa yake yote, maana zile mita sita walipewa wote.

Tena tuangalie namna wakuu wale walivyotenda. Uamuzi wao ulitangazwa mwezi wa Novemba 2013, na mpira ukaanza kutumika mwaka 2015. Waliwaachia watu muda wa kuujua. Sababu ilisemwa waziwazi: mchezo umepoa, twataka kuuchangamsha. Na mpira ulikuwa mmoja kwa timu zote mbili uwanjani. Mrushaji alipoteza kitu, ni kweli, wala hatuwezi kumwambia kwamba hakupoteza. Lakini hakuna mchezaji mwenye haki ya kudai sheria zifuate kipaji chake daima. Haki aliyo nayo ni kuambiwa sababu usoni pake. Hapa ndipo tunapoona kipimo kizuri cha kiongozi yeyote: je, sababu yako waweza kuisema mbele ya yule atakayepoteza? Ukiweza, endelea. Ukiona aibu, simama kwanza.

Mpira uliobadilishwa kimya

Kwamba kipimo hicho si maneno matupu, twakiona katika habari ya Ujapani. Wajapani waupenda besiboli kama sisi tunavyoipenda kandanda. Mwaka 2011 ligi yao ya wachezaji wa kulipwa ilileta mpira mmoja kwa timu zote, na mpira huo haukuruka sana. Mapigo ya kuvuka uzio yaliyokuwa 1,605 katika mwaka 2010 yalianguka kuwa 939 mwaka 2011, na 881 mwaka 2012. Kisha mwaka 2013 mipira ikaanza kuruka tena. Wachezaji wakashuku. Warushaji wakanung'unika. Wakaambiwa: hakuna kilichobadilika. Kumbe mpira ulikuwa umebadilishwa kweli, na mwezi wa Juni 2013 ligi ikakiri. Mwisho wa msimu mapigo yalikuwa 1,311. Mkuu wa ligi alijiuzulu mwaka huo huo, ingawa alisema kwamba yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Tutafakari hapa. Mpira ulikuwa mmoja kwa timu zote. Basi ubaya ulikuwa wapi? Hakuna timu iliyopewa mpira mwema na nyingine mbaya. Lakini mrushaji aliyeona kazi yake inaharibika hakujua kwamba ni mpira. Aliweza kufikiri kwamba mkono wake umechoka, kwamba siku zake zimekwisha. Na mpigaji aliyefanikiwa aliweza kujiona amekua, kumbe alikuwa amesaidiwa. Wote wawili walinyang'anywa kitu kikubwa kuliko alama, nacho ni ukweli juu ya nafsi zao.

Katika mwaka ule ule kulikuwa na mpigaji mmoja, Wladimir Balentien, mtu wa kisiwa cha Curaçao. Alipiga mapigo 60 ya kuvuka uzio katika msimu mmoja, akaivunja rekodi ya 55 iliyowekwa na Sadaharu Oh mwaka 1964, ambayo wengine wawili walikuwa wameifikia bila kuipita. Je, sifa ya Balentien ni ya mpira? Tukifuata njia tuliyoishika juu, twamlinganisha na wenzake wa mwaka ule. Wote walipiga mpira ule ule, na aliyemfuata katika ligi yake alipata 41. Basi ubora wake kati ya wenzake ni wake halali. Lakini akilinganishwa na Oh wa mwaka 1964, mizani yatikisika, na aliyeitikisa si Balentien. Ni wale walionyamaza. Kosa la wakubwa huacha doa hata kwenye nguo safi ya mtu asiye na hatia.

Jambo hili twalijua wenyewe sokoni. Mama anayeuza mchele akipima kwa kopo ambalo kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, hajaiba hata punje moja kwa mkono wake. Wateja wote wapimiwa kwa kopo lile lile, tajiri na maskini. Hata hivyo kila mmoja wetu ajua kwamba hiyo si haki. Kama angesema, "Jamani, kopo langu limebonyea, na bei nimeipunguza kwa hiyo", nani angemlaumu? Kopo lile lile, mchele ule ule. Neno moja la kweli ndilo linalotenga biashara na wizi.

Mpira wa Afrika Kusini na mpira wa Montevideo

Sasa tuje kwenye kandanda tunayoijua. Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, huko Afrika Kusini. Mpira wake uliitwa Jabulani, neno la Kizulu lenye maana ya "furahini". Walinda lango hawakufurahi. Julio César wa Brazil aliulinganisha na mipira ya bei rahisi ya dukani, na wengi wenye majina makubwa walilalamika vile vile. Mpira wa zamani ulishonwa kwa vipande 32; Jabulani ulikuwa na vipande 8 tu, vilivyounganishwa kwa moto pasipo uzi. Ulikuwa laini mno. Wataalamu wa NASA, wale wa vyombo vya anga, waliuchunguza wakaona kwamba ukipigwa bila kuzunguka, kwa mwendo wa kilomita 70 na kitu mpaka 80 kwa saa, wayumba hewani, huku na huku. Na mwendo huo ndio wa mapigo mengi ya kuelekea langoni. Mlinda lango arukia kulia, nao mpira umekwisha geuka.

Ajabu ni kwamba magoli hayakuongezeka. Kombe la mwaka 2006 lilikuwa na magoli 147 katika michezo 64. Lile la mwaka 2010 lilikuwa na magoli 145 katika michezo 64. Maana yake nini? Mpira uliowasumbua walinda lango uliwasumbua na wapigaji: haukuwatii. Basi tusiwe wepesi wa kuhukumu kwa hesabu peke yake. Hesabu yaweza kusimama mahali pamoja na huku ufundi wa watu umevurugika.

Jabulani haukufichwa. Ulionyeshwa mwezi wa Desemba 2009 huko Cape Town, ukachezewa mwezi wa Juni 2010. Ulikuwa mmoja kwa wote. Lakini mkono wa mlinda lango hufundishwa kwa miaka, si kwa siku. Mpira wa kila juma humwingia mwilini hata asiufikirie tena. Kubadilishiwa mpira wakati wa mashindano makubwa kabisa ni kama kumpa mwandishi kalamu ngeni asubuhi ya mtihani. Kwa hiyo twaona kwamba uwazi na usawa havitoshi. Muda nao ni sehemu ya haki.

Wazee wa mchezo huu walilijua jambo hilo tangu mwanzo. Tarehe 30 Julai 1930, Uruguay na Argentina walikutana Montevideo katika fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Wakagombania mpira, maana kila upande ulitaka kucheza kwa mpira wake. Mwisho ikaamuliwa nusu ya kwanza ichezwe kwa mpira wa Argentina, na nusu ya pili kwa mpira wa Uruguay. Nusu ya kwanza ilipokwisha Argentina waliongoza 2 kwa 1. Mchezo ulipokwisha Uruguay walikuwa wameshinda 4 kwa 2. Hatusemi kwamba mpira ndio uliomtawaza mshindi. Uruguay walikuwa nyumbani kwao, tena walikuwa hodari. Lakini uamuzi ule wa kugawana nusu kwa nusu wafundisha jambo kubwa: kwa watu wawili waliolelewa na mipira miwili mbalimbali, mpira mmoja peke yake hauwi wa wote wawili kwa kuwekwa tu katikati ya uwanja.

Mpira wa matambara

Neno hilo ndilo linalotuleta nyumbani. Hapa kwetu pia kuna mipira miwili, na kila mmoja wetu aijua.

Mpira wa kwanza ni ule wa matambara na mifuko ya plastiki, uliofungwa kwa kamba mpaka ukawa duara. Hauna mtengenezaji mwingine ila mtoto mwenyewe. Haudundi. Hukaa chini, karibu na mguu, na mguu wenyewe hauna kiatu. Mtoto aliyekua na mpira huo hujua kuusokota kati ya miguu mitatu ya adui, hujua kuuficha na kuugeuza mahali padogo kama mkeka. Mpira wa pili ni ule wa dukani, uliojazwa hewa. Sheria ya kandanda yautaka uwe na mzunguko wa sentimita 68 mpaka 70, na uzito wa gramu 410 mpaka 450 mchezo unapoanza. Huo hudunda, huruka, huja toka juu. Wataka kifua cha kuupokea na kichwa cha kuupiga. Ni mpira mwingine kabisa. Kati ya mshono ulioinuka na mshono uliolala kuna nusu milimita. Kati ya mpira wa matambara na mpira wa dukani kuna dunia nzima.

Basi tufikiri mashindano ya vijana ambamo wachezaji watachaguliwa. Kutoka mjini waja vijana wa shule iliyo na mipira mitano. Kutoka kijijini, mbali kwenye njia ya Kibombo au ya Kalima, waja vijana ambao wamecheza matambara maisha yao yote, au ambao timu yao ina mpira mmoja wa kweli uliofungiwa sandukuni usije ukachakaa. Asubuhi ya mchezo mpira mpya watolewa na kuwekwa katikati. Mwamuzi apuliza filimbi. Kijana wa kijijini ajaribu kuupokea, wamdunda gotini na kutoka nje. Watu wacheka. Mwenye daftari aandika: huyu hafai.

Je, ni haki? Mpira ni mmoja kwa wote. Haukufichwa, upo pale mbele ya macho ya watu. Hata hivyo dhamiri yanung'unika, nayo ina sababu. Aristotle wa Uyunani alifundisha zamani kwamba haki ni kuwapa walio sawa mambo sawa, na kwamba ugomvi huzaliwa pia wasio sawa wanapopewa sawa. Vijana wale wawili hawakuja sawa. Mmoja apimwa kwa kile alichofundishwa. Mwingine apimwa kwa kile alichonyimwa. Mwenye daftari alidhani anapima kipaji, kumbe alipima sanduku lililofungwa.

Pengine mtu atajibu: "Dunia ndivyo ilivyo. Akienda Kinshasa au Casablanca, hakuna atakayempa mpira wa matambara. Afadhali ajue mapema." Neno hili lina ukweli, nasi hatulikatai. Mpira wa dukani ndio mpira wa mashindano, na kumlea kijana na matambara peke yake si kumhurumia. Lakini jibu hilo lamwambia kijana ajifunze. Halimwambii mwenye ufunguo afungue sanduku. Tukitaka kijana aujue mpira mapema, basi apewe mapema. Hatuwezi kumlaumu kwa kutojua kitu ambacho sisi wenyewe tulimfungia.

Mwingine atasema: "Mipira ni ghali, ikichezewa kila siku itachakaa, na siku ya mchezo tutacheza na nini?" Twajua uzito wa neno hilo, maana fedha za timu zetu ni haba. Lakini yafaa kujiuliza mpira ulinunuliwa kwa ajili ya nini. Mpira unaochakaa miguuni mwa watoto umefanya kazi yake. Mpira unaozeeka sandukuni nao hupungua hewa na ngozi yake hukauka, wala haujamfundisha mtu yeyote. Kama mpira ni mmoja tu, uletwe nje mara mbili kwa juma, wapokezane. Timu ngeni ikifika toka mbali, ipewe mpira wa mashindano jioni ya kabla ya mchezo, iuzoee. Shule yenye mipira mitano haitakufa njaa ikikopesha mmoja kwa mwezi mmoja. Na mwenye daftari asiandike neno "hafai" kwa siku moja. Aangalie pia kile ambacho mpira wa matambara umemfundisha kijana yule, maana miguu iliyoweza kutawala kitu kisichodunda yaweza kufundishwa kutawala kinachodunda, ikipewa siku.

Mambo matatu

Basi tukusanye tuliyoyaona. Kubadilisha mpira si dhambi, wala si uharibifu wa mchezo. Mipira imebadilika tangu zamani, toka ule wa ngozi uliofungwa kwa kamba na kunywa maji ya mvua mpaka ukawa mzito kama jiwe, na itabadilika tena. Lakini mwenye kubadilisha mpira amebadilisha kipimo cha watu, na kwa hiyo amechukua mzigo. Mzigo huo una mambo matatu. La kwanza, aseme: abadilishe mchana, na sababu yake iweze kusemwa mbele ya atakayepoteza. La pili, mpira uwe mmoja kwa wote watakaopimwa pamoja. La tatu, awape watu muda na nafasi ya kuujua kabla ya kuwahukumu kwa huo. Wakuu wa vyuo vya Marekani waliyashika yote matatu. Wajapani walikosa la kwanza, na lilitosha kuwavunjia heshima. Sisi hapa mara nyingi twashika la kwanza na la pili, tukajiona tuna haki kamili. La tatu limefungiwa sandukuni.

Na sifa ni ya nani? Yakitimizwa hayo matatu, sifa ni ya mchezaji, yote, wala mshonaji asimdai kitu. Yasipotimizwa, sifa yenyewe yawa na deni ndani yake, na aibu ya aliyeshindwa yawa mzigo aliobebeshwa na wengine.

Haya hayahusu mpira peke yake. Mwalimu anayebadilisha namna ya mtihani, mkubwa wa kazi anayeleta mashine mpya, mzazi anayemlinganisha mtoto aliyesoma kwa taa na yule aliyesoma kwa mwanga wa moto: hao wote wameshika mpira mkononi. Kabla ya kusema "huyu ni hodari, yule ni mvivu", waulize kwanza kila mmoja alijifunza kwa mpira gani. Na wewe msomaji, kama ndiwe mwenye ufunguo wa sanduku la timu ya mtaa wenu, jumamosi hii ufungue. Mpira utachafuka. Uache uchafuke.